Usiichomeke kwanza: siku moja ya fundi wa kompyuta za kale, Barabara ya Luthuli, Nairobi

Ujumbe wa kwanza huingia kabla sijanawa uso, na karibu kila mara ni uleule: "Fundi, nimeipata stoo ya marehemu baba, niiwashe?" Leo umetoka Thika, saa kumi na mbili kasoro, pamoja na picha za kisanduku kilichogeuka manjano chenye draivu mbili za flopi. Nikamjibu kwa sauti huku natafuta soksi: usiichomeke. Igeuze, angalia nyuma pale waya wa stima unapoingia. Kuna swichi ndogo nyekundu? Imeandikwa ngapi?

115.

Basi hiyo huenda imetoka Marekani, ambako stima ya nyumbani ni volti 120. Ukiichomeka kwenye ukuta wetu wa volti 240 swichi ikiwa hapo, utasikia mlio, utaona moshi, na mashine iliyokaa salama miaka yote hiyo itakufa hapo hapo. Nikamwambia aisogeze hadi 230, na hata hivyo asiwashe mpaka aifungue na kunitumia picha za ndani. Kompyuta nyingi ninazoletewa hazikuuawa na stoo. Ziliuawa siku mtu alipotaka kuona kama bado zinafanya.

Saa moja na nusu asubuhi. Matatu ya Githurai imekwama Pangani na hakuna anayeshangaa. Picha za Thika zimefika. Hakuna kilichopasuka ila zile kapasita za karatasi (vifaa vya kushika chaji) kwenye pawasaplai, mahali stima inapoingilia. Zina nyufa kama udongo wa kiangazi. Ufa huingiza unyevu, na kapasita yenye unyevu ikipewa stima hutoa moshi unaonuka hadi kwa jirani. Aje na mashine Jumamosi, tuzibadilishe kwanza.

Saa tatu. Kibanda changu kiko orofa ya pili, kwenye mojawapo ya yale majengo yaliyogawanywa vijiduka hadi unapita kwa ubavu. Kushoto wanabadilisha vioo vya simu, kulia wanauza rimoti. Vijana wale huniita Makumbusho. Sijali, kwa sababu kapasita ikiwashinda wanajua mlango wa kugonga.

Mteja wa kwanza ni kijana anayekusanya mashine za michezo ya zamani. Ameinunua bodi ya 486, aina ya kompyuta ya miaka ya tisini, kwa mwuza vyuma chakavu, akapimiwa kwa kilo. Inawaka, lakini inalalamika kwamba hakuna kibodi, naye ameshajaribu kibodi zote alizonazo. Sikuhitaji hata mita. Pembeni mwa soketi ya kibodi kuna betri ya pipa, ya nikeli na kadimi, volti 3.6, ile inayoshikilia saa na mipangilio mashine ikizimwa. Imevuja. Majimaji yametambaa chini ya rangi ya bodi, yakaacha unga wa kijani na buluu kuizunguka chipu ya kibodi, na njia tatu za shaba, nyembamba kuliko unywele, zimelika kabisa.

Tiba yake haina uganga. Ng'oa betri kwanza, hata kama bodi ni nzima na unaiweka tu kabatini. Majimaji yale ni alkali, kwa hiyo siki nyeupe ya jikoni kwenye pamba huyatuliza. Suuza kwa maji safi, kisha spiriti na mswaki laini, halafu iache ikauke vizuri, siyo kuianika dirishani dakika kumi. Ndipo uifuate kila njia kwa mita iliyowekwa kwenye mlio: isipolia, unganisha kwa waya mwembamba. Nilikaa kwenye njia ya tatu muda mrefu kuliko zile nyingine mbili pamoja, maana ilikuwa inapita chini ya soketi.

"Sasa fundi, unanirudishia betri kama ile?"

Hapana. Bodi nyingi za aina hiyo zina pini nne za betri ya nje. Nikamfungia kishikio cha betri tatu za AA, kikaning'inia kwenye bati la kasha mbali na bodi, ili siku zikivuja zivujie bati. Wapo wanaobandika ya lithiamu palepale pa zamani. Bila dayodi ya kuzuia, bodi itajaribu kuichaji, na hiyo haikuumbwa ichajiwe.

Saa tano. Mzee mmoja ameingia polepole na bahasha ya kaki, akasalimia kibanda kizima, hadi wa rimoti.

"Karibu mzee, keti hapa."

"Asante mwanangu. Nimeambiwa wewe unasoma hizi."

Disketi, yaani flopi, kumi na moja za inchi 5.25. Alikuwa katibu wa kampuni ya kununua shamba, watu walichanga miaka ya themanini wakagawana ploti. Sasa waliochanga wengi wametangulia, watoto wao wako kwa wakili, na daftari la wanachama halionekani. Muhtasari wa kila kikao aliuchapa mwenyewe kwa WordStar, programu ya kuandikia ya enzi hizo.

Nilizitazama moja moja kwenye mwanga. Tatu zilikuwa na madoa meupe ya ukungu pale diski inapochungulia nje. Disketi ya namna hiyo haiingii kwenye draivu. Kichwa kitaukwangua unga wa sumaku, ndio wenye maneno, na uchafu utakaobaki kichwani utaikwangua disketi inayofuata. Nilizichana ukingo, nikazitoa diski zenyewe, nikaziosha kwa maji yaliyochujwa na tone la sabuni, nikazikausha na kuzivika maganda ya disketi tupu. Mzee alinitazama kama daktari anayempasua mjukuu wake.

Nane zilizobaki nilizibandika karatasi kwenye pengo la pembeni. Hapo wengi huchanganya: kwenye 5.25 unaziba pengo ili disketi isiandikwe, lakini kwenye 3.5 unafungua tundu. Na kuna sababu ya kuogopa kuandika. Disketi ya kilobaiti 360 ina njia 40 kila upande (miviringo ambamo maneno huandikwa), wakati draivu ya megabaiti 1.2 hutembea njia 80 kwa kichwa chembamba. Itaisoma vizuri tu. Ila ikiiandikia, inaacha mstari mwembamba juu ya mpana wa zamani, na draivu ya asili ikirudi inasoma yote mawili kwa mpigo na kupotea.

Kusoma kwenyewe siku hizi sihitaji kompyuta ya kale. Kuna kijibodi kiitwacho Greaseweazle: huku USB, huku kebo ya pini 34 ya draivu. Kinanakili mabadiliko ya sumaku yenyewe, njia baada ya njia, na nakala hiyo ndiyo unayoihangaikia. Disketi inarudi kwenye bahasha.

Nikafungua faili la kwanza mbele yake:

*Kikaï kilifunguliwá kwá salá ná mwenyekité saá nnå*

"Hiki ni Kireno?" akauliza. Hakuwa anatania.

Ni Kiswahili chake mwenyewe. Herufi za kawaida zinatosha kwenye biti 7, na baiti ina 8. WordStar, iliyotoka 1978, iliitumia ile biti iliyobaki kutia alama kwenye herufi ya mwisho ya neno, kwa ajili ya kupanga nafasi mistari inaponyooshwa ukingo wa kulia. Herufi a ni 97. Ongeza 128 unapata 225, na Windows ikiona 225 inaandika á. Kwa kuwa maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, ukurasa mzima unavaa vikofia. Dawa ni programu ya mistari michache inayopita kila baiti iliyozidi 127 na kuitoa 128. Nikaiendesha, vikofia vikaanguka, mzee akavaa miwani na kuanza kusoma kwa sauti: akidi imetimia, ploti za upande wa mto, deni la mpimaji.

Angekuwa ametumia WordPerfect, au jedwali la Lotus 1-2-3, au dBase, nisingetoa jasho. LibreOffice inayafungua yote hayo bure.

Kisha akaona jambo. "Mbona zote zimeandikwa tarehe moja Januari 1980? Kampuni haikuwepo."

Mashine nyingi za wakati ule hazikuwa na saa yenye betri. DOS, mfumo ulioendesha kompyuta hizo, huanza kuhesabu Januari 1, 1980, na ukibonyeza Enter bila kujaza tarehe, ndiyo inayobandikwa kwenye faili. Nilimwambia amweleze wakili mapema kwamba tarehe ya kufuata ni ile iliyo ndani ya muhtasari, na disketi zenyewe asimpe mtu yeyote "ajaribu kuzifungua".

Saa saba. Chapati madondo kwa mama wa ghorofa ya chini. Stima imepotea saa saba na robo na kurudi saa nane.

Saa nane na nusu. Orodha ya wanachama haipo. Mzee anakumbuka aliifuta ili apate nafasi ya barua. Hapo wengine wangemrudisha nyumbani, lakini DOS ikifuta faili haifuti maneno. Inabadilisha herufi ya kwanza ya jina kuwa alama E5 na kutangaza nafasi ile iko wazi. Nikatafuta kwenye nakala ya disketi ya saba, na jina lilikuwapo: ?ANACHAM.LST.

"Mzee, herufi ya kwanza ilikuwa gani?"

"Wanachama. Si ni W?"

Ndiyo hasa UNDELETE ya MS-DOS 5 ilivyokuwa ikimwuliza mtu. Shida ni kwamba ramani ya vipande vya faili nayo hufutwa, kwa hiyo unabahatisha kwamba vilifuatana. Vilifuatana, hadi karibu na mwisho. Baada ya jina la mwanachama wa 84 sentensi inaruka na kuwa barua ya kumdai mpimaji ramani. Barua ile iliandikwa juu ya majina yaliyobaki, nayo hayarudi kwa ufundi wowote ninaoujua. Nilimwambia hivyo bila kuzungusha. Alinyamaza, kisha akasema 84 ni wengi kuliko sifuri.

Saa kumi. Disketi ya tisa ina virusi vya Stoned, vya 1987, kwenye sekta ya kuwashia. Akauliza kama vitaingia kwenye simu yake. Havina pa kuingilia: huamka tu mtu akisahau disketi kwenye draivu A na kuiwasha kompyuta kwayo. Nilihamisha faili peke yake. Tukabishana bei kidogo, akapunguziwa, akaniombea.

Saa mbili usiku. Nyumbani, simu tena. Mwanafunzi wa Nakuru ana mashine ya megabaiti 16 na mchezo unamwambia kumbukumbu haitoshi. Inatosha, ila DOS na michezo yake hugombania kilobaiti 640 za kwanza tu. Chipu ya 8088 kwenye IBM PC ya 1981 ilifikia megabaiti moja, na kilobaiti 384 za juu zikatengewa skrini na vifaa vingine. Nikamtumia mistari ya CONFIG.SYS, faili ambalo DOS husoma mashine ikiwaka: HIMEM.SYS kwanza, EMM386.EXE NOEMS inafuata, kisha DOS=HIGH,UMB. Programu ya kuendesha kipanya aipakie kwa amri ya LH, inayoipeleka kumbukumbu za juu, ndani ya AUTOEXEC.BAT, na aongeze kitufe cha F8 kwenye kumbukumbu zake yeye, maana akikosea mstari atakibonyeza mashine inapoanza kuwaka ili auruke mstari huo.

Amejibu sasa hivi: mchezo umefunguka lakini hauna sauti. Nimemwuliza kadi ya sauti iko IRQ ngapi (namba inayotumia kuiita chipu kuu), hajui. Aweke SET BLASTER=A220 I5 D1, ikikataa abadilishe 5 iwe 7.