Kidole Gumba Ndani ya Kibaba

Bibi alikuwa akiuza mchele barazani, Tanga, kwa kibaba cha bati. Vibaba viwili kisaga, vinne pishi: hesabu hiyo niliijua kabla ya zile za darasani. Nilipofika miaka 9 akaanza kuniachia biashara alasiri, naye akiswali na kujinyoosha kidogo.

Ujanja niliujua upesi kuliko kazi yenyewe. Tukinunua kwa mama wa shamba, kibaba nakitikisa na kukigonga chini mara tatu. Punje zinajipanga, mchele unashuka karibu upana wa kidole, naye inambidi aongeze. Nikiuza, sitikisi ng'o. Namimina polepole ili ukae na hewa, napitisha kijiti ukingoni uwe mfuto, na kidole gumba kimezama ndani, eti nimeshika vizuri. Mteja akitazama, kibaba kimejaa.

Bibi aliniona akiwa nyuma ya pazia la mlango. Hakupiga kelele. Alileta ungo.

"Nipimie vitano, vilevile unavyowapimia watu."

Nikapima. Akavipima upya yeye, kwa kutikisa. Vikatoka vinne na nusu, kasoro konzi.

"Haya, nisomee sura ya Waylul-lil-mutaffifin."

Nikaisoma yote, aya 36, bila kukwama. Akaniuliza maana ya tatu za mwanzo. Sikuijua, kwenye chuo cha Kurani tulikuwa tukihifadhi tu. Akanieleza kwamba ni ole wao wanaotaka kupimiwa kamili, na wao wakiwapimia wenzao hupunja. Kisha akauliza jana nani alinunua.

Alikuwa mmoja tu, jirani wa nyumba ya tatu, vibaba viwili. Bibi akafunga konzi mbili za mchele kwenye pindo la kanga kuukuu, akanitia mkononi. Hakunisindikiza.

"Shikamoo. Bibi anasema jana nilikosea kipimo."

"Marahaba. Ala!" Akaupima mchele kwa kiganja. "Mimi kwa kibaba natia vikombe vinne vya tui, siku zote. Jana wali ukatoka mashendea, nikamgombeza huyu kwamba kazidisha maji."

Huyu alikuwa binti yake, ambaye chuoni tulikaa mkeka mmoja. Alikuwa uani, akikwangua sufuria kwa kifuu. Aliinua macho, akanitazama, akatazama kanga, akaendelea kukwangua.