Kuchagua mshale unaokubaliana na kigumba kipana

Uwindaji wa wanyamapori kwa starehe ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, kwa hiyo sisi tunaoishi Nairobi na kuupenda upinde hulenga shabaha za sponji tukiwa nyumbani, na anayetaka kuwinda husafiri hadi nchi kama Namibia au Afrika Kusini, ambako sheria inaruhusu. Hali hiyo humfanya mtu azoee kwa miezi mingi ncha nyembamba ya mazoezi, kisha wiki ya safari aiondoe na kuweka kigumba chenye makali mapana, akiamini kwamba mshale utakwenda kule kule kwa sababu vyote viwili vina uzito wa greni 100, yaani takriban gramu 6.5. Mara nyingi hauendi. Lawama hutupiwa kigumba, lakini kwa maoni yangu chanzo huwa ni wano, yaani mwili wa mshale, lililonunuliwa kwa kufikiria ncha ya mazoezi peke yake.

Wawindaji wa Kiwaata katika nyika za Tsavo waliweza kumwangusha ndovu kwa kigumba chembamba, kwa sababu kazi ya kuua ilifanywa na sumu ya mti wa Acokanthera, ambayo huusimamisha moyo. Walichohitaji ni mshale upenye na sumu ifike kwenye damu. Mshale wa leo hauna sumu. Unaua kwa kukata mishipa na mapafu, na ndiyo maana majimbo mengi ya Marekani yanadai kigumba chenye upana usiopungua milimita 22 hivi. Upana huo ni wa lazima kwa mtu asiyetaka mnyama ateseke, nami siutafutii njia ya mkato, lakini una gharama yake angani.

Gharama yenyewe ni kwamba makali ya kigumba ni mabawa. Manyoya ya nyuma hujitahidi kuushika mkia wa mshale ufuate njia, huku mabawa ya mbele yakijaribu kuuongoza mshale kuelekea kule yanakotazama. Mshale ukitoka kwenye upinde ukiwa umenyooka, mabawa hayo hayapati upepo wa kuyasukuma upande mmoja, na kigumba hutua jirani na ncha ya mazoezi. Ukitoka umekaa upande hata kidogo, ncha ya mazoezi itasamehe, kigumba hakitasamehe.

Ndipo ugumu wa wano unapokuwa jambo la kwanza, kabla ya bei, rangi au mwendo. Ugwe, yaani kamba ya upinde, unapousukuma mshale, wano hupinda na kujinyoosha mara kadhaa kabla ya kutulia, na kipimo cha kupinda huko kinajulikana: wano hulazwa juu ya vihimili viwili vilivyoachana inchi 28, katikati huning'inizwa uzito wa gramu 880, kisha husomwa limeshuka kiasi gani. Likishuka inchi 0.400, yaani karibu milimita 10, huandikwa 400. Likishuka nusu inchi huandikwa 500. Kwa hiyo namba ndogo ni wano gumu zaidi, jambo ambalo wanunuzi wapya hulisoma kinyume. Kipimo hicho hufanyika mshale ukiwa umelala mezani. Ukiwa kwenye upinde, wano refu hupinda kuliko fupi, na ncha nzito hulifanya lipinde zaidi. Mtu mwenye upinde wa kompaundi, yaani ule wenye magurudumu kwenye ncha zake, unaohitaji nguvu ya pauni 60 kuuvuta, anayeuvuta inchi 28 na kutumia ncha ya greni 100, kwa kawaida huangukia karibu na 400. Akipenda kigumba cha greni 125, anafaa kulifikiria wano la 350 au 340. Mimi huanza na kigumba: naamua uzito wake, naongeza uzito wa kishikio cha chuma kinachoingia ndani ya wano, ndipo nafungua jedwali la mtengenezaji. Nikijikuta katikati ya namba mbili nachukua iliyo ngumu, kwa sababu wano laini kupita kiasi ndilo linalosumbua zaidi kigumba kinapofungwa.

Uzito wa mbele pia unasaidia. Pima mshale kutoka kwenye mfuo wa ugwe hadi mwisho wa wano, tafuta mahali unaposimama sawa juu ya kidole, kisha tazama umevuka nusu kwa kiasi gani. Kwa mshale wa sentimita 74 unaosawazika sentimita 46 kutoka nyuma, tofauti ni sentimita 9, ambayo ni asilimia 12 ya urefu. Kati ya 10 na 15 panatosha kabisa kwa uwindaji wa kawaida. Kuhusu manyoya sitasema mengi: yawe matatu au manne, yakae kwa mzunguko kidogo ili mshale uzunguke mapema, na ukitumia manyoya halisi ya ndege, yote ya mshale mmoja yatoke bawa la upande mmoja. Mwendo mkubwa haunivutii, kwani kila kasoro hukua mshale unapovuka mita 85 hivi kwa sekunde.

Unyofu wa maungio ni jambo ninalolitetea kwa nguvu zaidi. Mawano ya kaboni huuzwa kwa viwango vya unyofu vya inchi 0.006, 0.003 na 0.001, na kwangu cha kati kinatosha, mradi ncha za wano zikatwe mraba. Funga kigumba, simamisha mshale juu ya kipande cha kioo na uuzungushe kama pia: ncha ikitetemeka, kigumba hakikukaa katikati, na hakuna manyoya yatakayolitibu hilo. Mizani ndogo ya kidijitali, kama zile za maduka ya Mtaa wa Luthuli, itakuonyesha pia ni mishale ipi ya dazeni moja iliyoachana kwa uzito.

Mwisho ni kulenga. Kwenye mita 20, kisha 30, asubuhi kabla upepo haujaamka, tupa mishale mitatu ya mazoezi na mitatu ya vigumba kwenye shabaha moja, kila mmoja kwa alama yake ili usipasue manyoya. Vigumba vikikusanyika kushoto mwa ncha za mazoezi, sogeza kiegemeo cha mshale, yaani kile kidude cha upinde ambacho mshale hulalia, kulia kwa nusu milimita. Vikitua chini, kiinue kwa kiasi hicho hicho, na urudie hadi makundi mawili yawe moja. Usiguse kioneo, yaani kifaa cha kulengea kilicho kwenye upinde, katika hatua hii. Ukiona kiegemeo kimesogea mbali na makundi bado hayajakutana, rudi kwenye ugumu wa wano: lililo laini hufupishwa au hupewa ncha nyepesi, lililo gumu hupewa ncha nzito. Kila mshale uandike namba. Mmoja ukiendelea kukimbia wenzake, zungusha kipande cha plastiki cha mkiani kinachoushika ugwe, hatua ndogo kila mara, kwa sababu ugumu wa wano hutofautiana kidogo upande hadi upande. Ukikataa baada ya mzunguko mzima, ubaki Nairobi kwa mazoezi na usipandishwe ndege.