Mani planti inataka pa kuparaga

Mani planti ya sebuleni inaweza kumaliza miaka mitano na majani yake bado ni ya ukubwa wa kiganja. Ipande nje, iparage shina la mwembe au mnazi, na baada ya muda itatoa majani ya nusu mita yenye mipasuko ubavuni, hata mtu adhani ni mmea mwingine. Hakuna siri ya mbolea hapo. Huu ni mmea wa msituni, asili yake kisiwa cha Mo'orea katika bahari ya Pasifiki, na umeumbwa kukwea miti. Shina linaloning'inia bado linatafuta pa kushika, kwa hiyo hurefusha pingili na kupunguza majani. Likishapata pa kushika, pingili hufupika, shina hunenepa, na jani jipya huwa kubwa kuliko lililotangulia.

Basi ipe nguzo. Bomba la PVC la inchi 2, urefu wa mita 1, linatosha: lifunike kwa makumbi ya nazi unene wa sentimita 3 hivi, ukaze kwa uzi wa nailoni. Ubao usiorandwa wenye upana wa sentimita 10 nao unafaa sana, maana mizizi hujibandika juu yake. Simamisha nguzo kabla ya kujaza udongo, ifike hadi chini ya chungu. Ukiichomeka baadaye utakata mizizi, na bado itayumba.

Sasa angalia shina. Kwenye kila kifundo, pale jani linapotokea, utaona kijinundu cha kahawia. Huo ni mzizi wa hewani. Elekeza upande huo kwenye nguzo na ufunge shina kwa ukanda laini wa kitambaa, bila kubana. Usifunge kikonyo cha jani, kwani jani linahitaji kugeuka kufuata mwanga. Nguzo ikae nyuma ya mmea na dirisha liwe mbele, ili majani yatazame mwanga na mgongo wa shina ubaki kwenye nguzo. Lowesha makumbi kila asubuhi. Nguzo ikiwa kavu, mizizi hukauka ikiwa vincha tu na haishiki kitu.

Kama shina lako limekwisha kuwa kamba ndefu yenye majani machache, likate uanze upya. Kila kipande kiwe na vifundo viwili au vitatu, ukate sentimita 1 au 2 chini ya kifundo, uondoe jani la chini kabisa, kisha uweke kifundo hicho ndani ya maji. Jani lisilo na kifundo linaweza kukaa kijani kwenye glasi kwa miezi, lakini halitatoa chipukizi kamwe. Badilisha maji kila siku 4 au 5. Mizizi huonekana ndani ya wiki 2 hadi 3. Ikifika sentimita 5, hamishia kwenye udongo. Panda vipande vitatu au vinne kuizunguka nguzo moja ili isionekane upara.

Udongo wa shambani peke yake hugandamana. Changanya sehemu 2 za udongo wenye mboji, sehemu 1 ya mchanga mnene wa mto na sehemu 1 ya mkaa uliovunjwa vipande vya ukubwa wa harage. Chungu lazima kiwe na matundu. Vile vya mapambo visivyo na tundu ndivyo vinavyoua mani planti nyingi kuliko wadudu wote.

Kuhusu maji, wengi hudanganywa na dalili moja yenye sababu mbili. Majani yamelegea: je, ni kiu au mizizi imeoza? Inua chungu. Kikiwa chepesi na udongo mkavu, mwagilia hadi maji yatoke chini, na majani yatasimama ndani ya siku moja. Kikiwa kizito na udongo umelowa, usiongeze hata tone. Toa mmea, kata mizizi yote iliyo laini na nyeusi, upande kwenye udongo mpya, na uache siku chache kabla ya kumwagilia. Siku za kawaida, chomeka kidole sentimita 4. Kukiwa na unyevu, subiri. Kwa baridi ya Julai ya Nairobi au Arusha udongo huchelewa sana kukauka, kwa hiyo usifuate ratiba uliyoizoea Januari.

Jani moja la chini likigeuka manjano ni uzee tu.

Mwanga uwe mwingi ila jua la mchana lisiuguse mmea. Kwenye mwanga hafifu hautakufa, lakini mabaka ya dhahabu hufifia, kwa sababu mmea unahitaji kijani zaidi ili ujilishe. Mbolea ya NPK 20-20-20, gramu 1 kwa lita ya maji, mara moja kwa mwezi inatosha, tena udongo ukiwa tayari na unyevu.

Pamba nyeupe kwenye maungio ya majani ni vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Vifute kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti, urudie kila wiki kwa wiki tatu, kwani mayai hubaki.

Mani planti ni ndugu wa magimbi, na utomvu wake una fuwele zilezile zinazowasha mdomo wa anayetafuna gimbi bichi. Iweke mbali na watoto wadogo na paka, na unawe mikono baada ya kukata.

Ikifika kileleni mwa nguzo, kata kichwa chenye vifundo vitatu pamoja na mizizi yake ya hewani, ukipande chini ya nguzo ileile na ukifunge siku hiyohiyo. Kikiachwa kining'inie, majani yatarudi kuwa madogo. Shina lililobaki litachipua kutoka kifundo kilicho karibu na pale ulipokata.