Christmas in August: itazame, ikiwezekana na mama yako

Jumamosi mvua ilitufungia ndani hapa Sinza, nikamwekea mama filamu ya Kikorea ya mwaka 1998, Christmas in August. Jung-won, anayeigizwa na Han Suk-kyu, ana studio ndogo ya picha. Anajua ugonjwa utamuua, na ndipo anapompenda Da-rim, dada anayeandikia faini magari yaliyoegeshwa vibaya. Hamwambii kama anaumwa.

Kilichonitoa machozi si mapenzi yao, ni rimoti. Jung-won anamfundisha baba yake kutumia deki ya video. Mzee anabonyeza, anakosea, anabonyeza tena. Kijana anakasirika, anatoka. Baadaye anakaa kumwandikia hatua moja moja, maana hatakuwepo kumwelekeza.

Nikasimamisha hapo. Mama ndiye ninayemfundisha kila wiki kutuma pesa kwa simu, na kuna siku namfokea. Akanishika mkono: "Endelea mwanangu, tuone."

Inakwenda taratibu mno mwanzoni, usikate tamaa. Itazame. Mimi jana nimemwandikia mama hatua za kutuma pesa, nyuma ya daftari lake la kikoba.