Karindula ilivyonirudisha kwa watu

Baada ya msiba wa yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, niliacha gitaa. Muziki wenyewe sikuuacha: kila usiku niliusikiliza kwenye simu, nimejifunika blanketi, na kila wimbo ulinizamisha zaidi. Nyumbani walidhani unanifariji.

Aliyenitoa ndani ni jirani yetu wa hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, mpiga karindula. Asiyeijua, ni kama banjo kubwa ajabu: pipa la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi, mti mrefu wa mbao, nyuzi nne. Ikipigwa, unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Alinijia akasema, "Leki (mdogo wangu), kuya tu (njoo tu). Kama gitaa inakushinda, shika hii." Akanipa kopo lenye vijiwe.

Nje, pamoja na kikundi chake, nilitingisha kopo nikiangalia chini. Akapita mama mmoja akitoka sokoni, beseni la nyanya kichwani. Alisimama, akasikiliza kidogo, akatua beseni, akaanza kuitikia. Mwimbaji alimwona. Badala ya kuendelea na ubeti, akarudia kiitikio, akakifupisha, akamwachia yeye nafasi ya kumalizia. Mama akamalizia kwa sauti kubwa na mabega yakacheza. Watoto wakasogea, mpiga karindula akaongeza mwendo, na mimi nikagundua mkono wangu unafuata mabega ya yule mama. Nilikuwa nimeinua uso. Wimbo wa kwenye simu haukuwahi kunijibu hivyo. Ulikwenda vilevile, nilie nisilie.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, uliotoka 2024, ambao naupenda sana kwa sababu hii. Mpiga piano alionyeshwa papo hapo jinsi amigdala ya msikilizaji inavyofanya kazi (ni sehemu ya ubongo inayohusika na hisia), naye akabadilisha upigaji wake kulingana na alichokiona. Muziki huo uliiamsha amigdala kuliko ule uliorekodiwa. Sisi hatuna mashine. Tuna macho, na kwangu yanatosha.

Gitaa nililirudia polepole, kwa mtindo wa Katanga: dole gumba linashika besi, kidole cha shahada kinatembeza sauti ya juu. Ndivyo alivyopiga Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa maarufu wa Katanga, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Chumbani vidole vilikuwa vizito. Mbele ya watu vililegea, kwa hiyo nikaacha kusubiri niwe sawa kwanza ndipo nitoke. Nilitoka nikiwa vilevile.

Kilichonisaidia zaidi ni kusimama karibu. Nikiwa mbali na watu, nawaza makosa yangu; nikiwa mahali ambapo naona jasho la anayecheza, nawaza yeye. Jioni moja umeme ulikatika katikati ya wimbo, spika zikanyamaza. Karindula haikuhitaji umeme, ikaendelea. Watu waliokuwa wametawanyika wakajikusanya kutuzunguka, wakaimba wao zaidi yetu, na sidhani kama tumewahi kupiga vizuri kuliko siku hiyo.

Huzuni ya yaya bado ipo. Zipo Jumapili ninazoamka nayo kifuani, na hizo ndizo ninazofika mapema, nikasaidia kuikausha ngozi ya karindula motoni, na nikiona kijana amejitenga ukutani, nampelekea kopo.