Vipele vya Njia ya Ukindu

Vipele vilinizuka siku ya pili baada ya kurudi kutoka Mkinga, na kufika jioni kila mtu nyumbani Makorora alikuwa ameshavipa jina. Mama alisema ni joto. Bibi akasema tetekuwanga, nikamkumbusha kwamba niliiugua nikiwa darasa la tatu na yeye mwenyewe ndiye aliyeniogesha kwa majani ya mwarobaini. Jirani, ambaye hajawahi kukosa la kusema, akakata shauri kwamba ni upele na magodoro yetu yote yaanikwe juani.

Zahanati niliyokwenda kesho yake iliungana na jirani. Mhudumu alivitazama kutoka upande wa pili wa meza, akaandika BBE, ile dawa ya upele: nijipake kuanzia shingoni hadi nyayoni. Aliyewahi kupaka dawa ile juu ya ngozi iliyokwishakunwa anajua nilivyolala usiku ule. Muwasho haukupungua hata chembe.

Mkinga tulikuwa tumekwenda kukata ukindu. Shangazi yangu husuka mikeka, na masika yalikuwa yamekwisha. Njia ya kuufikia ukindu ndiyo hiyo hiyo ya ng'ombe, na nyasi zilikuwa zimefika kiunoni. Tulitembea mstari mmoja: mimi mbele na panga, binamu yangu nyuma yangu, shangazi mwisho.

Jibu lililetwa na mzee mmoja, bwana mifugo mstaafu aliyekuwa rafiki wa marehemu babu. Alipita kutusalimia tu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona unajikuna hivyo?"

Nikataka kumwonyesha mkono, akakataa. Kwanza alitaka kujua nimepita wapi, lini, nyasi zilikuwa na urefu gani, na kama ng'ombe wanapita pale. Kisha akauliza nani alitangulia. Swali hilo lilinishangaza. Nilidhani mzee anapiga soga.

Baadaye ndipo akauliza viko wapi. Vingi vilikuwa kiunoni pale lastiki inapobana, nyuma ya magoti na kwapani. Katikati ya vidole hakuna hata kimoja. Usoni hakuna. Nyumbani nalala na bibi na wadogo zangu wawili, na hakuna mwingine aliyekuwa akijikuna. "Upele wa kweli unapenda vidole na vifundo vya mikono," akasema, "na hauli mtu mmoja kitanda kizima."

Gauni nililovaa siku ile lilikuwa bado kwenye mfuko, halijafuliwa. Akaomba selotepu, akaibandika kwenye pindo na kuibandua, akabandika tena. Ilitoka na vidoa vidogo kama pilipili manga iliyosagwa. Kimoja kilikuwa kikitembea. Akanipa lenzi yake ya kukuzia: "Hesabu miguu."

Sita.

Kupe mkubwa ana miguu minane, lakini anapototolewa huwa na sita tu. Mama yake hutaga mayai maelfu mahali pamoja ardhini, na watoto wakishatoka hupanda ncha za majani, wakakaa kundi zima wamenyoosha miguu ya mbele wakingoja mnyama apite. Anayeligusa jani kwanza ndiye anayeondoka na ukoo mzima. Ndiyo maana shangazi hakuwa na hata kipele. Mzee alidhani hawa ni wa yule kupe wa rangirangi anayewaletea mbuzi ugonjwa wa maji moyo.

Bibi alikuwa ameshafika na kibatari, anataka kuniosha kwa mafuta ya taa. Mzee akamzuia kwa adabu, akaomba kibano. Nyuma ya goti la kushoto, katikati ya kipele kimoja, palikuwa na nukta nyeusi iliyokuwa bado imeng'ang'ania. Aliikamata karibu kabisa na ngozi, akavuta polepole kwenda juu mpaka ngozi ikainuka, kisha ikaachia. Vingine vilikuwa majeraha matupu, wenyewe wameshaondoka au nimewakuna.

"Mimi daktari wa ng'ombe," akasema. "Nenda kwa wa watu."

Safari hii nilikwenda kwingine. Daktari alisikiliza habari yote, akasema niachane na BBE. Kumbe ule muwasho ni mwili unapambana na mate ya kupe, kwa hiyo unaweza kuendelea wiki kadhaa wakati kupe mwenyewe hayupo. Akaniandikia krimu ya haidrokotizoni na setirizini za usiku. Vipele havikumtia wasiwasi sana. Alichosisitiza ni kwamba katika siku kumi zile nikipata homa, kichwa kikali, mtoki au kigaga cheusi, nirudi mbio.

Sikupata. Aliyepata ni binamu, yule wa pili kwenye mstari. Karibu wiki baada ya safari alishikwa na homa na maumivu ya kichwa na shingo. Kwao wakasema malaria, kama kawaida ya Tanga; kipimo kikasema hapana. Nilipokwenda kumjulia hali nikamkuta anachechemea kwa mtoki wa kinena. Nikamwambia apandishe suruali. Kwenye kigimbi palikuwa na kigaga cheusi kimezungukwa na wekundu.

"Hapo niliungua na ekzosi ya bodaboda," akasema.

"Uliungua lini?"

Hakukumbuka.

Daktari wangu alipokiona hakungoja maabara, akamwanzishia doksisaiklini. Homa ya kupe, akatuambia, na kidudu chenyewe kinaitwa Rickettsia africae. Mtoto wa kupe anaweza kuzaliwa nacho, amerithi kwa mama yake. Siyo ile homa ya papasi wa nyumba za udongo ambayo bibi alikuwa akiitaja.

Baada ya siku chache binamu alikuwa barabarani, anabeba abiria. Mimi ambaye sikupata hata joto la mwili nilikuwa bado naamka saa nane za usiku kutafuta krimu gizani.