Dola Tano za Mgombea wa Kijani

Jumatano, saa nne usiku. Portland, jimbo la Maine, Marekani.

Matokeo ya uchaguzi yalitoka jana kabla sijamaliza zamu. Mgombea wetu ameshindwa, tena kwa mbali. Nilisoma nikiwa nimesimama kwenye korido ya nyumba ya wazee ninapofanya kazi, nikarudisha simu mfukoni, nikaenda kumgeuza bibi wa chumba cha mwisho kama kila usiku. Machozi yalinijia baadaye, ndani ya basi.

Leo watu wetu watatu wameniuliza, kwa upole lakini kwa kukazia, kwa nini nimeitupa kura yangu kwa chama kidogo. Sikuwajibu vizuri. Najaribu hapa.

Ilianza mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado imerundikana kando ya barabara hapa mtaani kwetu, Parkside. Kijana mmoja seremala alibisha hodi, akasema anagombea kiti cha Baraza la Wawakilishi la jimbo kwa tiketi ya chama cha Green, yaani Kijani, kisha akaniomba dola tano. Mimi ni mtoto wa Ujiji. Nimekua nikiona mgombea akija na kitu mkononi: kanga, fulana, sukari. Wakubwa waliita takrima, mpaka Mahakama Kuu ilipoitangaza mwaka 2006 kuwa inavunja Katiba. Huyu alikuja mikono mitupu, akitaka nitoe mimi.

Na pesa yenyewe haikuwa yake. Inakwenda kwenye mfuko wa jimbo. Mgombea wa baraza hilo akipata watu 60 walioandikishwa kupiga kura katika eneo lake, kila mmoja na dola tano zake, mfuko unamlipia kampeni, naye anakubali kutochangiwa na wenye fedha. Wananchi wa Maine waliupitisha utaratibu huu wenyewe kwa kura ya maoni mwaka 1996, ukaanza kutumika mwaka 2000. Kwenye fomu unatia sahihi kwamba pesa ni yako na hukupewa chochote ili uitoe. Maneno hayo niliyasoma mara mbili kabla ya kusaini. Sijawahi kujiona raia kama siku ile, hata siku ya kula kiapo.

Nilipompigia mama kumweleza, aliuliza, "Kijani? Kwani na huko mmeingia CCM?" Nikamwambia huku kijani si rangi ya chama tawala kama nyumbani, ni rangi ya wadogo, chama cha tatu nyuma ya wale wawili wakubwa. Akanyamaza kidogo. Mama anawajua wadogo. Mwaka 2015 alikuwa kwenye foleni Kigoma Mjini ilipoipa ACT-Wazalendo kiti chake pekee katika Bunge la Muungano. "Basi nenda naye," akasema.

Nikaenda naye, kila Jumapili baada ya ibada, kama mkalimani. Kule nyumbani mbunge mmoja anabeba watu zaidi ya laki mbili, huwezi kumdai akufikie mlangoni. Maine ina watu wasiofika milioni moja na nusu, na baraza lina viti 151, kwa hiyo kila mwakilishi ana watu kama 9,000 hivi. Eneo zima unalimaliza kwa miguu. Hapo ndipo nilipoona tofauti ambayo sikuwa nimeitambua miaka yote niliyoishi hapa: wapiga debe wa vyama vikubwa hutembea na orodha ya watu waliopiga kura huko nyuma, wanaruka milango mingine. Majengo yetu yamerukwa sana. Kijana huyu naye alikuwa na orodha, ila aligonga milango yote.

Ndivyo tulivyofika kwa mama mmoja wa Uvira, Kongo. Huyu alikuja Juni 2019, wakati ule mabasi yaliposhusha familia kwa mamia, wengi kutoka Kongo na Angola, na mji ukawatandikia vitanda ndani ya Expo, ukumbi wa mpira wa kikapu ulio hapa hapa Park Avenue. Nilimwambia mapema, "Mama, huyu anatafuta kura, na wewe huna kura." Nilimwambia na mgombea vilevile, kwa Kiingereza. Wote wawili waliendelea kukaa.

Mama alikuwa na mpwa wake, amefika mwaka jana, hana kibali cha kazi. Mgombea alisema wazi kwamba kibali ni mambo ya Washington, serikali ya nchi nzima, hana uwezo nayo hata akishinda. Nilipenda alivyokubali kuonekana mdogo. Ila msaada wa kodi ya nyumba, akasema, huo ni wa Augusta, makao makuu ya jimbo letu: jimbo hurudishia mji asilimia 70 ya gharama, na mwaka 2015 bunge lilipitisha sheria ya kuwapa waomba hifadhi msaada huo hadi miezi 24. Mama akauliza miezi hiyo inahesabiwa kuanzia siku gani. Mgombea hakujua. Akaandika swali kwenye karatasi, akaahidi kulitafutia jibu.

Sasa, kuhusu kutupa kura. Mzee wetu mmoja anasema ukimpa mdogo unamsaidia adui. Hoja hiyo naiheshimu. Maine inaruhusu kupanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, ili wa kwanza wako akitolewa kura ihamie kwa wa pili, isipotee. Lakini mwaka 2017 majaji wa mahakama ya juu ya jimbo walitoa maoni kwamba katiba ya jimbo inataka aliyeongoza kwa kura ndiye ashinde, na ndiyo maana kwenye uchaguzi mkuu wa Novemba, kwa viti vya Augusta, huwezi kupanga. Unaweka alama moja, basi. Jana niliwapanga kwa namba wagombea wa Washington, kisha nikafika kwa seremala wangu, alama moja tu. Hofu ya mzee ina msingi, ila si kwa mtaa huu. Hapa Democrat hushinda kwa mbali na Republican haonekani, kwa hiyo nafasi ya pili iko wazi. Mwaka 2002 mitaa hii hii ilimchagua John Eder wa Green, ikamrudisha 2004, akashindwa na Democrat 2006. Hakuna adui aliyepita katikati.

Hayo ndiyo niliyotaka kumwambia mzee.

Leo jioni nilimkuta seremala akikusanya mabango yake barabarani, mvua inanyesha, kofia imelowa. Nilimpa pole. Akauliza kama nina nusu saa, maana peke yake hawezi kuzungumza na yule mama. Alikuwa na bahasha. Ndani mlikuwa na jibu la swali la miezi 24, limeandikwa kwa mkono, na namba ya wakili anayesaidia bure.

Tukapanda ngazi. Mama alifungua, akamtazama kijana, akanitazama mimi.

"Si wanasema ameshindwa?"

"Ameshindwa, mama."

Akatuvutia viti, akaenda jikoni kuongeza maji kwenye sufuria ya chai.